Boxer BM 150 mjini Mwanza: utamu wake uko kwenye kilomita 60

Ukitaka kuijua Boxer BM 150, usiijaribu mbele ya duka. Ishike barabara ya Kenyatta alfajiri, pita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi kwa mwendo wa mjini, acha nyumba zipungue baada ya Buhongwa, kisha ingia gia ya nne na uitulize kwenye kilomita 60 kwa saa. Hapo ndipo pikipiki hii inapojieleza. Injini inashika mngurumo mmoja, usukani hauhitaji kung'ang'aniwa, na ukishuka kwenye bonde lenye majaruba ya mpunga unasikia ubaridi magotini kabla hata hujaliona bonde lenyewe. Aliye ndani ya daladala hapati hiyo. Wala aliye ndani ya gari la milioni themanini.

Tunaisifu Boxer kwa sababu hiyo kwanza, na hatuoni haya kusema hivyo. Watu wengi huipima kwa fedha inazoingiza kijiweni au kwa magunia inayobeba. Sisi tunaipima kama chombo cha kumfurahisha mtu aliye hai, mtu anayejua kwamba hana mlango, hana mkanda wala begi la hewa. Kinachokuletea harufu ya mvua ni kilekile kinacholiacha goti lako wazi. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine, ila unaweza kujiandaa, na sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya maandalizi hayo.

Tunayoizungumzia ni ile ya kawaida: kabureta, silinda moja inayopozwa na upepo, cc 144.8, nguvu za farasi karibu 12, gia nne, tanki la lita 11, breki za drumu mbele na nyuma, yaani zile za shuu zinazobana ndani ya kitovu cha tairi. Kwa leseni, cc zake zimevuka 125, kwa hiyo unahitaji daraja A kamili, A1 haikutoshi. Ukienda 60 bila papara itakupa kilomita 45 hadi 50 kwa lita. Ukiikamua mpaka 85, hesabu hiyo isahau.

Na kwa nini tunakazania 60? Injini hii inatoa msukumo wake mkubwa karibu na mizunguko 5,000 kwa dakika, na kwenye gia ya nne mwendo huo ni kama kilomita 60. Ukiongeza mafuta kidogo, inaitika. Ukikata, inashika bila kugusa breki. Ukipita 80 mambo yanageuka: hakuna gia ya tano ya kuipumzisha, mtetemo unapanda kwenye pedali na usukani, na kioo cha pembeni kinatikisika mpaka lori lililo nyuma yako linaonekana kama kivuli. Pikipiki bado inakwenda, lakini raha imekwisha na umebaki na hatari peke yake.

Breki za drumu ndizo zinazoweka mpaka huo kwa nguvu zaidi. Piga hesabu. Kwenye kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja inaishia kwenye kushtuka na kupeleka vidole kwenye breki. Drumu zilizorekebishwa vizuri, kwenye lami kavu, zitataka mita kama 28 nyingine. Jumla ni 45. Kwenye kilomita 80, hesabu hiyohiyo inakupa zaidi ya mita 70. Spidi imeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini njia ya kusimama imezidi kwa zaidi ya nusu. Ng'ombe wa Usukuma hawaijui hesabu hii. Mmoja akivuka, mngojee wa pili, na mtegemee mtoto mwenye fimbo nyuma yao.

Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki. Uzito mwingi unakimbilia mbele mara tu unapofunga, tairi la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuteleza. Bado utakutana na madereva waliolegeza waya wa breki ya mbele makusudi kwa kuogopa kupinduka. Kinachopindua ni kuikaba ghafla, hasa usukani ukiwa umekunjwa. Ibane kwa vidole viwili, hatua kwa hatua, pikipiki ikiwa imenyooka, huku mguu wa kulia ukisaidia nyuma.

Milima ya mji inataka adabu yake. Kushuka kutoka Bugando au Capri Point ukiwa na abiria, weka gia ya pili kabla ya kuanza kushuka na uiache injini izuie. Ukiteremka kwa gia huru huku umekanyaga breki ya nyuma mwanzo hadi mwisho, drumu inapata moto na kutanuka, breki shuu zinafuata kwa mbali, na pedali inashuka bila kukamata. Ikikutokea, rudisha gia chini, tumia ya mbele kwa kuachia na kubana, usikanyage tu kwa hasira. Baada ya mvua kubwa, Mto Mirongo ukiwa umemwaga maji barabarani, shuu hulowa na kwa mita kadhaa huna breki kabisa. Zikaushe kwa kubana kidogokidogo huku unatembea taratibu. Usisubiri makutano ndiyo uzijaribu.

Matairi ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, yote ya tyubu. Upepo wake ni psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 ukipakia. Vijiweni wengi hujaza hadi tairi linalia kama ngoma, wakiamini pancha zitapungua. Matokeo yake ni tairi linalogusa lami kwa ukanda mwembamba, linaloruka kwenye kila jiwe, na linaloteleza mapema ukifunga breki. Kwa mji uliojengwa juu ya mawe hilo ni kosa la kila siku. Nunua geji ndogo ya mkononi, pima asubuhi tairi likiwa la baridi, maana baada ya mwendo upepo hupanda na kukudanganya.

Nyuma kuna springi ndani ya springi. Ukiwa wawili mnapita mashimo kwa utulivu wa kushangaza. Ukiwa peke yako inakupiga kiunoni kwenye matuta, hasa njia za vumbi za upande wa Luchelele. Simama kidogo juu ya pedali za kuwekea miguu, legeza mikono, iache pikipiki icheze chini yako. Hiyo nayo ni raha, ukiizoea.

Kuhusu lami yenyewe, kuna sehemu nne za kuogopa. Kirumba karibu na Mwaloni, maji ya barafu na samaki yakichuruzika kutoka kwenye vyombo vya kubebea sangara na dagaa, barabara inakuwa na utelezi usiouona kwa macho. Chini ya kila mlima, baada ya mvua, changarawe iliyosombwa hutandazwa kwenye kona. Dakika kumi za kwanza za mvua ya vuli, vumbi na oili vinapochanganyika na maji kabla havijaoshwa. Na michoro myeupe ya vivuko vya waenda kwa miguu, ambayo ikilowa ni sabuni. Dawa ya zote ni moja: usiinamishe, usikabe, usiongeze mafuta ghafla. Pita umenyooka.

Sasa cheni. Ndiyo inayoharibiwa zaidi na ndiyo rahisi kuitunza kuliko vyote. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gia huru. Weka kidole katikati ya upande wa chini wa cheni, isukume juu na chini. Mchezo uwe milimita 25 hadi 35, yaani kama upana wa vidole viwili. Zungusha tairi robo mzunguko, pima tena, rudia mpaka imalize mzunguko, kwa sababu cheni iliyochoka ina sehemu ya kukaza na sehemu ya kulegea. Rekebisha kwa kufuata pale inapokaza zaidi. Legeza nati kubwa ya ekseli, zungusha nati za kuvutia pande zote mbili kwa kiasi kilekile, na hakikisha alama za kushoto na kulia zimelingana, la sivyo tairi litakaa upande na pikipiki itavuta. Kaza, pima tena.

Halafu hatua ambayo mafundi wenye haraka huiruka: ukivuta tairi nyuma, umevuta pia fimbo ya breki. Shuu zinaanza kugusa drumu bila wewe kukanyaga. Baada ya kilomita tano weka mkono karibu na kitovu cha tairi, usikiguse. Kama joto linakuja, breki imebana. Legeza nati ya fimbo mpaka pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 25 na tairi lizunguke huru. Angalia pia kama taa ya breki bado inawaka kwa wakati, maana swichi yake inafuata pedali hiyohiyo.

Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa ni mbaya kuliko iliyolegea. Ukikaa, tairi la nyuma linapanda, cheni inazidi kukaza, na inayoumia ni beringi ya sproketi ndogo, lile gurudumu la meno linalovuta cheni kwenye injini, na sili yake. Oili ikianza kuvuja chini ya kifuniko cha kushoto, mara nyingi chanzo ni hicho. Kwa ulainishaji, achana na oili chafu iliyotolewa kwenye injini: ina vipande vya chuma na inashika vumbi mpaka cheni inageuka msasa. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe kwa kitambaa, pakaa oili nzito ya gia namba 90 upande wa ndani, kisha futa iliyozidi. Wakati wa kiangazi, fanya kila wiki. Wakati wa masika, kila ikilowa.

Oili ya injini ni 20W50, na kwa vumbi na milima ya huku tunashauri kila kilomita 2,000, hata kama kitabu kinakupa nafasi zaidi. Pikipiki mpya irudishe kwenye huduma ya kwanza kati ya kilomita 500 na 750, na usiikamue kabla ya 1,000. Nunua chupa yenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa, uimwage wewe au isimamie inavyomwagwa. Choki itumie asubuhi tu, na ukisahau kuirudisha, plagi itakuwa nyeusi kwa masizi na utalaumu kabureta bure.

Helmeti hatuiweki kwenye orodha ya vifaa vya ziada. Kwetu ni sehemu ya pikipiki kama tanki. Uchambuzi wa 2008 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini iwe helmeti kweli. Ukiwa dukani, sukuma kidole gumba ndani, chini ya kitambaa. Unapaswa kukutana na povu gumu lenye unene wa sentimita mbili au zaidi. Ukikuta sponji laini kisha plastiki, umeshika bakuli. Vaa, funga mkanda, jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma ya kichwa kuelekea mbele. Ikitoka, si saizi yako. Vidole viwili tu ndivyo viingie kati ya mkanda na kidevu. Ikishagonga chini mara moja kwa nguvu, itupe, kwa kuwa povu likishabonyea haliwezi kukulinda tena, hata kama rangi bado inang'aa.

Kioo chake kina kazi ya pekee huku ziwani. Jioni, wale wadudu wadogo wanaotoka majini kwa mawingu hufuata taa, na jicho moja likiingiwa kwenye mwendo wa 50 unapoteza barabara yote. Teremsha kioo. Kikichafuka usikifute kikavu, kitapata mikwaruzo na kila taa inayokuja usiku itapasuka machoni kama nyota. Maji, sabuni kidogo, kitambaa laini. Kioo cheusi kibaki cha mchana.

Mengineyo: jaketi zito, suruali ya jinzi ngumu, glovu, viatu vya kufunika kifundo. Kandambili ni za nyumbani. Mshikaki hatuujadili, breki za drumu zimetengenezwa kwa watu wawili.

Safari tunayoipendekeza kwa atakayenunua ni ile ya kupinda Usagara kwenda Kigongo, hadi Daraja la J.P. Magufuli. Lilifunguliwa Juni 19, 2025, lina urefu wa kilomita 3, na limechukua nafasi ya kungoja kivuko kwenda Busisi. Kwa Boxer kwenye mwendo wetu wa 60 ni dakika tatu tu juu ya maji, na dakika hizo tatu zinatosha kuelewa kwa nini watu wanapanda pikipiki. Maji pande zote mbili, mitumbwi midogo chini, na kifua chako mbele ya yote.

Lakini ujue upepo wake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, na upepo hutoka majini. Ghuba ya Mwanza imelala kaskazini kwenda kusini na daraja linaikata, kwa hiyo ukielekea Busisi alasiri, mara nyingi upepo unakupiga ubavu wa kulia. Bana tanki kwa magoti, legeza viwiko, sukuma kidogo mkono wa kulia wa usukani uende mbele, na pikipiki italalia upepo yenyewe. Hatari kubwa ni lori linapokupita. Linapita kuliani kwako, linaukata ule upepo uliokuwa umeuegemea, na ghafla unavutwa upande wake. Likimaliza, upepo unarudi wote kwa mkupuo. Ukiliona kwenye kioo, sogea kushoto mapema, punguza mpaka 50, legeza mikono na uliache lipite. Asubuhi kabla ya saa tatu huwa kumetulia zaidi.

Kwa anayenunua iliyotumika, na Mwanza nyingi zimepitia kijiweni, sharti la kwanza ni kuikuta injini ya baridi. Mpigie muuzaji simu: "Kaka, naomba usiiwashe mpaka nifike." Ukigusa injini ukakuta ina uvuguvugu, kuna kitu kinafichwa. Moshi wa bluu unapoongeza mafuta ni oili inayoungua: ringi au sili za valvu. Moshi mweusi ni petroli nyingi, tatizo dogo. Inyanyue mbele ikiwa kwenye stendi kubwa, zungusha usukani taratibu. Ukisikia umenasa kidogo pale katikati, beringi za usukani zimekwisha, na hizo ndizo zinazofanya pikipiki itangetange kwenye kona. Tazama meno ya sproketi kubwa: yakiwa yamelala upande mmoja kama pezi la papa, hesabu bei ya seti nzima pamoja na cheni. Gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyokaza inalia, iliyolegea inabweka. Mita ya kilomita usiiamini, amini mpira wa pedali na wa kiki, kwani huo huliwa na miguu na hakuna anayejisumbua kuubadilisha. Mwisho linganisha namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye kadi, herufi kwa herufi, kabla hujatoa hata shilingi.

Hatumshauri anayetaka kukimbizana. Akanunue kitu chenye gia tano au zaidi na breki ya diski. Wala hatumshauri mtu ambaye kila siku analala Kisesa na kufanya kazi mjini akichelewa kila asubuhi, kwa sababu haraka ya kila siku ndiyo inayoua kwenye barabara ya Nyerere, hata pikipiki iwe nzuri namna gani. Lakini kwa mtu mwenye Jumapili yake, anayetaka kwenda Bujora, Igombe au Sengerema na kurudi na vumbi kwenye nyusi, kwenye cc hizi tungeichagua Boxer tena.

Jambo dogo la mwisho kuhusu tanki. Koki ina nafasi ya akiba, na injini ikianza kukohoa barabarani unaigeuza kwa mkono wa kushoto bila kusimama. Jifunze kuipata kwa kupapasa, ukiwa umesimama nyumbani, mpaka mkono uijue. Na ukishajaza mafuta, irudishe mahali pake kabla hujaondoka kituoni. Ukiisahau kwenye akiba, safari ijayo itakuzimikia pale juu ya daraja, jua likizama upande wa Busisi, na hutakuwa na tone la kukufikisha ng'ambo.